Mafia si ya Wageni Peke Yao

Liko neno moja ambalo tumelisikia mara nyingi, na leo twataka kulijadili waziwazi ili lipate kuzikwa. Neno lenyewe ni hili: "Hiyo ni kazi ya Wazungu." Mtu wa kwetu akisema kwamba likizo yake ataitumia kisiwani, avae miwani ya kuzamia, aweke mrija wa kupumulia kinywani na kutazama samaki bila ya kuwavua, wenzake humcheka. Husema amepata wazimu, au ana fedha za kuchezea, au anaiga. Mwenye likizo wa kwetu huenda kijijini kwao kuzika, kuoza na kulima. Mambo hayo ni mema na hatuyabezi hata kidogo. Lakini twasema hivi: nchi ambayo wenyewe hawaitazami itatazamwa na wengine, na anayetazama kila siku mwishowe huanza kuamini kwamba kitu ni chake.

Hatusemi haya kwa kukaa mezani. Msimu wa kaskazi uliopita sisi watu watano tulifunga safari ya Mafia. Walikuwamo walimu wawili, karani mmoja wa bandari na fundi wa umeme. Hatukupanda ndege. Tulishuka kwa basi mpaka Nyamisati, wilaya ya Kibiti, tukaingia chomboni pamoja na magunia ya unga, matenga ya kuku na akina mama waliokuwa wakirudi kutoka hospitali Dar es Salaam. Chombo kikapita katikati ya mikoko ya Rufiji, maji yakiwa na rangi ya chai, kisha kikatoka baharini na maji yakageuka kuwa ya kijani, halafu ya buluu. Tulipofika Kilindoni, vijana wa mashua wakatutazama mizigo yetu, wakatuuliza kwa adabu: "Mabwana, mmekuja semina?" Tukajibu: "La, tumekuja kutazama." Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kwa sababu walikuwa hawajazoea kusikia jibu hilo likitoka katika kinywa cha Mtanzania mwenzao.

Ndugu, kicheko kile ndicho kilichotufanya tuandike.

Tazameni historia ya kisiwa hiki mjue ni nani aliyekitazama na kwa ajili gani. Zamani watu wetu walikuwa na mji wao wa Kua, katika kisiwa cha Juani, wenye misikiti na majumba ya mawe. Wazee husimulia kwamba mapema katika karne ya 19 mji ule ulivamiwa na Wasakalava waliovuka kutoka Bukini, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa utumwani. Magofu yake yangali pale, yamefunikwa na miti. Kisha ukaja mkataba wa mwaka 1890 baina ya Waingereza na Wajerumani. Walipokuwa wakigawana pwani hii, Mafia iliwekwa upande wa Mjerumani, kana kwamba ni gunia la mbata lililosahauliwa gatini. Hakuna aliyewauliza watu wa Chole wala wa Jibondo. Wajerumani wakafanya makao yao ya utawala katika kisiwa kidogo cha Chole, na kuta za majengo yao bado zaonekana, mizizi imezikumbatia.

Januari 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakakitwaa kisiwa. Wao nao walikitazama kwa jicho lao. Walikitaka kiwe mahali pa kurushia ndege za kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika midomo ya Mto Rufiji. Julai mwaka uleule manowari ile ikaangamia humo mtoni, marubani wakiwaelekeza wapiga mizinga kutoka angani. Basi dola mbili kubwa zilikitazama kisiwa hiki, na hakuna hata moja iliyokitazama kwa faida ya mwenyewe.

Leo hatuna Mjerumani wala Mwingereza wa kututawala. Bahari ile ni yetu kwa sheria. Mwaka 1994 Bunge letu lilipitisha sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu, na mwaka 1995 Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari katika Tanzania, yenye eneo la kilomita za mraba 822. Ndani yake wamo watu, tena wengi: vijiji vya wavuvi, wakulima wa minazi na waunda majahazi. Hii si hifadhi ya kuwafukuza wenyeji, kwa maana sheria yenyewe imewakuta na kuwakubali. Swali letu ni moja tu: ikiwa bahari ni yetu, mbona wanaokwenda kuiona ni wageni karibu watupu?

Huenda msomaji akauliza: kuna nini cha kuona? Tutajibu kwa yale tuliyoyaona, na kwa yale yaliyochunguzwa na wataalamu.

Siku ya kwanza mashua ilitupeleka kwenye mwamba wa Ghuba ya Chole, maji yakiwa yamejaa. Karani wetu wa bandari, ambaye amefanya kazi kando ya bahari maisha yake yote, alikiri kwamba hajawahi kufumbua macho chini ya maji. Alivaa miwani, akauma mrija, akainamisha uso, na papo hapo akainuka akipiga kelele. Tulidhani ameumwa. Kumbe alikuwa akiita: "Njooni! Ni mji!" Naam, ni mji. Matumbawe ambayo wengi wetu tulidhani ni mawe, si mawe. Ni wanyama wadogo mno, maelfu kwa maelfu, wajengao nyumba za chokaa zikapandana moja juu ya nyingine. Ndani ya miili yao wamewapangisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo hulipa kodi yake kwa chakula na rangi. Matumbawe yale makubwa ya mviringo huongezeka kiasi cha upana wa ukucha kwa mwaka. Basi tumbawe lenye ukubwa wa meza ya kulia lilianza kujengwa kabla babu zetu hawajazaliwa.

Tulimwona pono akiyaguguna matumbawe yaliyokufa, tukasikia kabisa meno yake yakilia. Nahodha wetu akatufundisha kwamba mchanga mweupe tuukanyagao ufukoni, sehemu yake kubwa umepita tumboni mwa samaki huyu. Mwalimu mmoja akasema: "Nimefundisha jiografia miaka 18, na jambo hili nalisikia leo." Tulimwona chewa amejificha pangoni, taa mwenye madoa ya buluu amejizika mchangani, na makundi ya changu yakipita kama watoto watokao shule. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekumbuka saa.

Siku ya pili tulikwenda upande wa Kilindoni kumtafuta potwe. Huyu ni papa, tena ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini hana neno na mtu. Kinywa chake ni kipana kama mlango, na chakula chake ni uduvi na vijidudu vidogo vya baharini, ambavyo huvichuja kutoka katika maji. Kuanzia Oktoba hivi hadi Machi huja karibu na ufuko kula, mahali palepale ambapo wavuvi wetu huvua dagaa. Mara nyingine huingia katika nyavu zao, na wavuvi hushusha upande mmoja wa wavu wakampa njia. Wengi wa hawa wa Mafia ni vijana, hawajafikia urefu wa wazee wao. Madoa yaliyo ubavuni mwa kila mmoja ni mbali na ya mwenzake, kama alama za vidole vyetu, na wataalamu huwapiga picha wakawatambua mmoja mmoja.

Sasa sikilizeni jambo hili. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba potwe ni msafiri, huja msimu ukiwa mzuri na kuondoka ukiisha. Wataalamu wakawafunga vyombo vidogo vya kutoa ishara, wakawafuatilia. Ikaonekana kwamba wengi hawaendi mbali. Msimu ukibadilika huhama tu kutoka ukingoni na kushuka kwenye maji yenye kina zaidi, lakini hubaki palepale Mafia. Tuliposikia hayo fundi wetu wa umeme alisema: "Kumbe si mgeni, ni mwenyeji asiyetembelewa." Twaona maneno yale yana maana kubwa kuliko alivyokusudia. Mwaka 2016 potwe aliandikwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwenyeji huyu akitoweka, atakuwa ametoweka mlangoni petu, na wengi wetu hatukuwahi kumwona.

Tulivuka pia kwenda Juani, ambako kasa hupanda ufukoni upande wa bahari kuu kutaga mayai. Kasa ni biashara ya kale katika pwani hii. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza chalitaja gamba la kasa miongoni mwa bidhaa zilizochukuliwa kutoka huku. Gamba la ng'amba liligeuzwa vitana na vipambo katika nchi za mbali, na mauaji yale yamebakisha ng'amba wachache. Leo katika Juani wapo wanakijiji walindao viota. Mama wa kasa hutaga mayai mia moja na zaidi katika shimo moja, akarudi baharini bila kutazama nyuma, na baada ya muda wa miezi miwili hivi vitoto huchomoza mchangani na kukimbilia maji. Joto la mchanga ndilo liamualo wawe wa kike au wa kiume: mchanga ukizidi joto, wa kike huwa wengi. Kati ya vitoto vile ni wachache mno wanaofikia utu uzima. Mlinzi mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe, alituambia kwamba zamani alikuwa akichimba mayai hayo na kuyala. Tukamwuliza ni nini kilichombadilisha. Akajibu: "Niliwaona wakitoka. Kabla ya hapo nilikuwa sijawaona."

Ndugu, jibu hilo latosha kuwa hoja yetu yote.

Jioni tulikaa Chole kuwatazama popo wala matunda, ambao mchana huning'inia katika miti mikubwa kama miamvuli iliyofungwa, na magharibi hutoka kwa mamia kwenda kutafuta chakula. Jamaa hii ya popo haipatikani bara. Yetu iko katika visiwa tu: hawa wa Mafia, ambao ndugu zao wako Komoro, na wale wa Pemba, ambao hawako mahali pengine popote duniani. Huchukua mbegu na chavua kutoka mti hadi mti, na hiyo ni kazi ya kilimo wanayoifanya bila ya mshahara.

Hayo ndiyo tuliyoyaona. Sasa tuingie katika jambo gumu, maana gazeti la wananchi likitaja uzuri tu na kuficha uchungu, litakuwa limegeuka kuwa tangazo la hoteli.

Jibondo ni kisiwa kikavu. Kwa miaka mingi watu wake walivuka kwenda Juani kuchota maji ya kunywa. Ni mafundi mashuhuri wa majahazi na wavuvi wa asili na asili. Tulipokuwa pale, mzee mmoja alitukaribisha kivulini, tukamwamkia, akaitikia, akatuuliza tulikotoka na tulichokuja kufanya. Tulipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Wanangu, karibuni sana. Lakini nami nina swali. Pale mlipoogelea leo, babu yangu alikuwa akitega madema. Baba yangu alitega. Mimi leo nikipita pale na dema naulizwa. Mgeni analipa aingie kutazama, nami nimeambiwa nijizuie. Sisemi pasifungwe, maana samaki nao wahitaji mahali pa kuzaa. Nasema tu: yule atazamaye ananiletea nini mimi nijizuiaye?"

Hatukuwa na jibu la kumpa papo hapo, wala hatukutaka kumdanganya.

Tuwe wa haki kwa pande zote. Hifadhi hii haikuanzishwa kwa kuwachukia wavuvi. Ilianzishwa wakati pwani yetu ilipokuwa ikiliwa na baruti. Mtu mmoja mwenye chupa ya baruti huua kwa dakika moja samaki wakubwa kwa wadogo, na huvunja matumbawe yaliyojengwa kwa miaka mia. Wengine walikuwa wakiyang'oa matumbawe yakiwa hai ili kuyachoma chokaa. Wengine walikokota nyavu za matundu madogo juu ya mwamba, wakazoa mpaka vitoto vya samaki. Watu wa Mafia wenyewe ndio waliopiga kelele kwanza juu ya wapiga baruti, wengi wao wakiwa wametoka nje ya kisiwa. Basi kufungwa kwa sehemu fulani zisivuliwe kabisa kulikuwa na sababu. Samaki walindwao pale hukua, huzaa, na kizazi chao hutoka kwenda kwenye maji yanayoruhusiwa kuvuliwa.

Tena iko hatari nyingine isiyotoka kwa mvuvi wala kwa mpiga baruti. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi. Matumbawe yakawafukuza wapangaji wao wale wadogo, yakapauka yakawa meupe kama mfupa, na mengi yakafa, hata katika miamba ya Mafia. Joto hilo limerudi tena katika miaka ya baadaye, na kila mara mwamba unahitaji muda wa kupona. Mwenye viwanda na magari mengi yuko ng'ambo, lakini anayekosa kitoweo ni mvuvi wa Jibondo. Hili nalo ni dhuluma, na dunia lazima isikie tukilisema. Lakini tutalisemaje kwa nguvu ikiwa sisi wenyewe hatujui rangi ya tumbawe lililo hai na rangi ya tumbawe lililokufa?

Wako watakaosema: waacheni wageni waje, walete fedha za kigeni, hiyo yatosha. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko lake Arusha juu ya wanyama wa porini, akaahidi kwamba nchi itafanya kila iwezalo kuwalinda kwa ajili ya wajukuu. Tamko hilo si lile Azimio la mwaka 1967 mnalolijua wengi. Inasimuliwa pia kwamba Mwalimu mwenyewe hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake kuwatazama mamba, ila alijua kwamba wanyama wataiingizia nchi fedha. Hatumlaumu. Mwaka ule alikuwa na shule za kujenga, hospitali za kujenga na taifa la kuunganisha. Lakini wajukuu waliokusudiwa ni sisi. Tukilinda tu na tusione, tutakuwa walinzi wa ghala la mtu mwingine.

Tena kitu kilindwacho kwa ajili ya fedha ya mgeni peke yake hakina msingi. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliposimamisha ndege duniani, visiwa vilivyotegemea wageni viliona jinsi mlango mmoja unavyoweza kufungwa kwa siku chache. Mashua zikakaa ufukoni. Mgeni akikosa kuja, nani atakayesema kwamba mwamba una thamani? Atasema yule aliyeuona kwa macho yake. Kama hayupo, hakuna atakayesema. Asiyejua maana haambiwi maana.

Kwa hiyo twatoa shauri la mambo matatu, na twaomba lijadiliwe katika matawi, katika vyama vya wafanyakazi na katika mikutano ya vijiji.

Jambo la kwanza ni hesabu. Ada zinazolipwa na watazamaji, na sehemu yake inayorudi vijijini, zisomwe hadharani katika mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, tarakimu kwa tarakimu, mbele ya wavuvi na mbele ya akina mama wanaotafuta pweza miambani. Mzee wa Jibondo aliuliza swali la haki, na swali la haki hujibiwa kwa hesabu, halijibiwi kwa hotuba. Akiona kisima, zahanati au mashine ya boti iliyotokana na kujizuia kwake, atakuwa mlinzi wa kwanza wa mwamba. Asipoona, hata tukiweka askari mia, usiku ni mrefu na bahari ni pana.

Jambo la pili ni watoto. Mtoto wa Chole, wa Juani, wa Jibondo na wa Bwejuu hukua akisikia kwamba chini ya maji mna kitu ambacho watu huvuka mabara kuja kukiona. Mtoto huyo ajua kuogelea kuliko sisi sote, lakini miwani hana. Hatuombi makubwa. Twaomba kila shule ya visiwa hivi iwe na miwani na mirija ya kutosha darasa moja, na kila mtoto kabla hajamaliza shule ya msingi apate siku yake mwambani pamoja na mwalimu na mlinzi wa hifadhi. Yule mzee wa kasa alibadilika kwa sababu aliona. Kwa nini tungoje mpaka mtoto awe na ndevu nyeupe?

Jambo la tatu latuhusu sisi wa mijini. Walimu wana vyama vyao vya akiba, wafanyakazi wana vyama vyao, akina mama wana upatu. Watu kumi wakiweka fedha kidogo kila mwezi, mwisho wa mwaka waweza kwenda Mafia kwa chombo cha Nyamisati, walale katika nyumba za wageni za kawaida huko Kilindoni au Utende, wakodi mashua moja kwa ushirika na wale samaki wa kupaka kwa mama lishe. Ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni. Gharama kubwa ni mashua, na mashua hugawanyika vizuri watu wakiwa wengi. Sisi watano tulifanya hivyo, na hakuna aliyerudi akidaiwa. Tena fedha yetu ilibaki mikononi mwa nahodha, mpishi na mwenye nyumba, haikwenda benki ya ng'ambo.

Lakini tukienda, twende kama wenye mali, tusiende kama waharibifu. Mtu asikanyage matumbawe, hata kama amechoka. Na aelee au ashike boya. Asimguse potwe wala kumzingira kwa mashua nyingi, na mashine ipunguzwe mwendo akiwa karibu. Asimmulike kasa kwa tochi usiku, kwa maana mwanga humpotosha njia. Asinunue makombe wala gamba la ng'amba, hata akiuziwa kwa bei ya kutupa. Asiyejua kuogelea aseme mapema, apewe jaketi la kujiokoa, si aibu. Amfuate nahodha katika mambo ya maji kujaa na kupwa, maana mkondo wa Ghuba ya Chole hauna cheo cha mtu. Na akiingia kijijini, avae kwa heshima na kuamkia wazee, kama angefanya kwao.

Ndugu wasomaji, wapo waliopigania nchi hii ili mwananchi asisimame nje ya mlango wa nyumba yake. Milango mingi tumeifungua: ya shule, ya ofisi, ya bunge. Huu wa bahari tumeuacha umerudishwa tu, haukufungwa kwa komeo, nasi hatujausukuma. Anayetuzuia hayupo. Kilichopo ni lile neno "kazi ya Wazungu", ambalo tumejifunga nalo wenyewe.

Kaskazi itavuma tena, na potwe atakuwa palepale Kilindoni, mwenyeji asiyetembelewa. Basi jipangeni, wekeni akiba, fungeni safari. Na mkishuka gatini, vijana wa mashua wakiwauliza kama mmekuja semina, wajibuni kwa sauti: "La, tumekuja kuona chetu." Twaamini siku itafika ambapo jibu hilo halitamchekesha mtu yeyote.